Kabla Hujalaumu Gia, Kagua Kava

Wengi wanaoniletea baiskeli hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, huwa wameshatoa hukumu kabla hawajashuka. Gia imekufa. Deraila imeisha, nitafutie nyingine. Cheni inaruka, badilisha friweli yote. Nami huwaomba jambo moja: rudisha pesa mfukoni kwanza, tuangalie kava. Nazungumzia ile kava nyeusi inayopitisha waya wa gia kutoka kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma. Ni kipande cha bei ya chini katika mfumo mzima wa gia, na ndicho kinachowatia watu hasara ya kununua vipande vya bei ghali visivyo na kosa lolote.

Wazee waliokua na baiskeli za Black Mamba hawakuujua ugonjwa huu. Black Mamba haina gia, na breki zake ni za vyuma: unavuta mkono, fito moja ya chuma inavuta nyingine, na mpira unabana rimu. Fito ikipinda unainyoosha kwa nyundo, unaendelea na safari ya shamba au ya kisimani. Baiskeli za gia, ziwe za mtumba au mpya za dukani, zimekuja na mfumo mwingine kabisa. Fundi aliyelelewa na Black Mamba akizishika kwa mazoea yale yale ya nyundo na koleo, atamsumbua mteja mwezi mzima.

Mfumo wenyewe si mgeni duniani. Mwaka 1896 Ernest Monnington Bowden, mzaliwa wa Ireland, alisajili hataza ya waya unaopita ndani ya bomba linalokubali kupinda. Siri yake ni kwamba waya na bomba hufanya kazi pamoja. Watu wanaona waya unavutwa, wanadhani kava ni nguo tu ya kuukinga usipate kutu. Sivyo. Kila unapobadilisha gia, waya unavutwa na kava inabanwa kutoka ncha hadi ncha kwa nguvu ile ile. Kava isiposimama imara, ikajikunja au kufupika hata kidogo, sehemu ya mvuto inaishia humo ndani na deraila, kile kifaa cha nyuma kinachoisogeza cheni, haipati haki yake.

Kidogo ni kidogo kiasi gani? Zamani baiskeli ya gia ilikuwa na kijiti unachokisogeza polepole huku ukisikiliza cheni mpaka ikae. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa mfumo wa SIS katika vifaa vyake vya Dura-Ace: bonyeza mara moja, sikia mlio, gia moja imeingia. Leo hata baiskeli ya mtoto wa shule ina mfumo wa namna hiyo. Katika friweli ya gia 8 ya Shimano, umbali kutoka sproketi moja, yaani gurudumu moja la meno, hadi nyingine ni milimita 4.8. Kila mlio mkononi huvuta waya kama milimita 2.8, na deraila huuzidisha mvuto huo kwa 1.7 ili cheni ifike inakotakiwa. Sasa piga hesabu. Kava ikifupika milimita 1 tu, deraila inapungukiwa milimita 1.7, zaidi ya theluthi ya safari yake. Cheni inabaki njiani kati ya sproketi mbili, inakwaruza, na ukikanyaga kwa nguvu kupanda mlima inakuponyoka. Milimita 1 huwezi kuiona ukiwa umekaa kwenye kiti. Utakachokiona ni gia inayoruka, na utailaumu gia.

Kwa sababu hiyo kava ya gia haiundwi kama kava ya breki. Ukiikata kava ya breki na kuichungulia, utakuta chuma bapa kimezungushwa kama springi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni ngumu na haipasuki ovyo, ila ikibanwa inanywea kidogo, na kila inapopinda urefu wake wa ndani unabadilika. Kwa breki hilo halina neno. Kava ya gia imejaa nyuzi nyembamba za chuma zilizolala kwa urefu, moja kando ya nyingine, zimefungwa na plastiki kama vijiti vya ufagio wa chelewa. Ukiusimamisha ufagio na kuukandamiza juu, vijiti haviwezi kufupika. Lakini kamba ikikatika, vyote vinatawanyika. Shika hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza namna kava ya gia inavyofanya kazi, inavyokufa, na inavyoweza kuua.

Hivi karibuni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anayekuja mjini kwa baiskeli kutoka upande wa Kambi Garba, aliniletea yake.

"Fundi, deraila hii imechoka. Nikitaka gia nyepesi inaingia. Nikitaka nzito inakaa tu, halafu mbele kidogo inaruka yenyewe."

"Mwalimu, nani amezungusha hizi skrubu?"

"Mimi, na kijana mmoja kule stendi."

"Basi tusiziguse tena. Inua gurudumu la nyuma, uzungushe pedali kwa mkono."

Maelezo yake yalikuwa yamenipa nusu ya jibu. Kuingia gia nyepesi, yaani sproketi kubwa, ni kazi ya kidole chako: unavuta, na kidole kina nguvu ya kushinda uchafu. Kurudi gia nzito, yaani sproketi ndogo, ni kazi ya springi ya deraila peke yake. Kama kwenda ni sawa na kurudi ni kwa shida, kuna kitu kinaukwamisha waya ndani ya kava. Skrubu mbili ndogo za deraila, ambazo kila mwenye bisibisi hukimbilia, ni za kuweka mipaka tu, cheni isianguke upande wa spoku wala upande wa fremu. Haziwezi kuutoa waya mahali ulipokwama. Ukizichezea unakuwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Kuna njia ya kuikagua kava bila kufungua nati hata moja, na ningependa kila mwenye baiskeli aijue. Zungusha pedali huku ukibadilisha gia mpaka cheni ipande sproketi kubwa kabisa. Acha kuzungusha. Sasa, gurudumu likiwa limesimama, bonyeza gia ya mkononi irudi hadi nzito kabisa. Cheni haiwezi kushuka kwa kuwa haizunguki, kwa hiyo waya unalegea. Baiskeli nyingi zina vishikio vyenye upenyo kwenye fremu. Waya ukilegea unazichomoa ncha za kava kwa vidole na kusogeza kila kipande huku na huku juu ya waya. Penye afya kinateleza bila kusita. Kama kava yako ni moja ndefu isiyokatika popote, itabidi ufungue ile nati inayoubana waya kwenye deraila, ushike waya kwa mkono na kuuvuta huku na huku. Mkono utakueleza.

Kwa mwalimu, vipande vya mbele viliteleza. Kipande cha nyuma, kile kinachopinda nusu duara kabla ya kuingia kwenye deraila, kiligoma. Nikautoa waya wote. Sehemu iliyokuwa ndani ya kipande hicho ilikuwa na rangi ya kahawia, imepakwa tope kavu: kutu, grisi ya zamani na vumbi la Isiolo, vimesagana pamoja. Kwenye ncha, kile kikofia cha plastiki kinachofunika mwisho wa kava kilikuwa kimetoboka, na nyuzi za chuma zimechungulia nje, nyingine zimesukuma zaidi ya nyingine. Nilimpa ashike. Akazigusa kwa kidole, akauliza kama kweli kitu kidogo hivyo ndicho kilichomfanya atembee kwa miguu. Ndicho hicho. Deraila yake ilikuwa nzima na iko kwenye baiskeli hadi leo.

Ncha hiyo ilionyesha ugonjwa wa pili, ambao watu huuchanganya na wa kwanza. Nyuzi zinapotoboa kikofia, kava inakuwa inafupika kila siku. Dalili yake ni gia inayokataa kupanda sproketi kubwa. Unaikaza ile skrubu ya kuzungusha kwa vidole mahali kava inapoingilia, inakaa sawa siku hiyo, kesho imelegea, unakaza tena. Waya wenyewe ukiwa mpya hulegea siku za mwanzo, lakini mfumo uliokwishazoea ukidai kukazwa kila mara, kuna kitu kinabomoka ndani yake. Acha kukaza. Toa kikofia uangalie ncha.

Na kuna ile gia inayobadilika unapokata kona. Simama, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Kama waya unavutika au kava inatoka mahali pake, ni fupi mno, au imepasuka pale inapojikunja karibu na usukani. Baada ya yote haya kava ikiwa nzima na gia bado inasumbua, piga magoti nyuma ya baiskeli uangalie kama deraila imesimama sambamba na sproketi. Baiskeli iliyoangukia upande wa kulia huwa imepinda pale inapofungwa. Lakini hilo ni somo jingine.

Kwa nini kava zinakufa haraka hapa kwetu? Jua ndilo adui wa kwanza. Isiolo iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mbingu ambazo kwa miezi hazina wingu la maana. Plastiki inayokaa nje mchana kutwa inakauka, inapoteza ulaini, kisha inapasuka, na sikuzote mpasuko wa kwanza hutokea penye pindo. Vumbi linaingilia hapo. Mvua za Aprili au Novemba zikija, maji nayo yanaingilia hapo hapo, nyuzi zinashika kutu, na kutu huvimba ikafungua mpasuko zaidi. Kuiegesha baiskeli kivulini si umaridadi.

Adui wa pili ni sisi wenyewe na mizigo yetu. Mtungi wa lita 20 hufungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mpira ni kamba nzuri, haikati mzigo. Lakini mara nyingi unazungushwa kwenye fremu ukapita juu ya kava, ukaibana. Mtungi ukicheza barabarani, mpira unazidi kuikandamiza kava mahali pale pale mpaka inakunjika. Waya ukipita kwenye kona hiyo unasuguana na ukuta wa ndani na kuukata. Nimewaona pia wanaofunga kava kwenye fremu kwa waya wa ua, wameukaza kwa koleo, wakidhani wameifanyia hisani. Kava inatakiwa ishikwe, isibanwe. Pitisha mpira wa mzigo chini yake, au ufunge upande wa kushoto ambako hakuna deraila.

Barabara nayo ina neno. Kabla lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale haijakamilika katika miaka ya 2010, kaskazini ya Marsabit kwenye mawe meusi ya Dida Galgalu ilikuwa ni mtikisiko kutwa. Mashindano ya Tour d'Afrique, yanayotoka Cairo hadi Cape Town na yaliyoanza mwaka 2003, yaliipitia njia hiyo wakati ingali mawe na mchanga. Chombo kinachotikisika hivyo kwa siku kadhaa hulegea kila mahali, na kava husagika pale inapogusa fremu. Siku hizi ni lami, na wasafiri wa baiskeli wakishuka kutoka Moyale huteleza hadi Archers Post na kuingia Isiolo. Baiskeli zao ni za hali ya juu, lakini angalia zilivyofungwa: pale kava inapogusa fremu pamewekwa kipande cha plastiki au utepe. Nasi tunaweza kuweka kipande cha tyubu kuukuu, hakigharimu chochote.

Sasa matengenezo. Ukienda kununua kava, iangalie ncha kabla hujalipa. Ukiona duara la vitone vya chuma, ni ya gia. Ukiona chuma bapa kinachozunguka, ni ya breki. Unene pia husaidia: ya gia kwa kawaida ni milimita 4, ya breki ni 5, ingawa unene peke yake hautoshi kuamua. Waya nao una tofauti, wa gia ni milimita 1.2, wa breki unafika 1.5 au 1.6, na vichwa vyao havilingani. Chagua kava yenye mrija laini wa plastiki ndani, maana huo ndio unaoufanya waya uteleze.

Kukata ndiko kunakomtofautisha fundi na mbomoaji. Koleo butu linaiponda kava, linaubana ule mrija wa ndani na kuziacha nyuzi zimepishana urefu. Kava iliyokatwa hivyo imekufa kabla haijafanya kazi. Tumia kikatio kikali cha waya, na kabla ya kukata ingiza kipande cha waya mkuukuu ndani ili kava isisinyae. Ukimaliza, chukua tupa au jiwe la kunolea, usawazishe ncha mpaka nyuzi zote ziwe urefu mmoja, kisha uufungue mrija kwa spoku uliyoichonga ncha. Vika kikofia, cha chuma ukikipata. Kijana ninayemfundisha hapa kibandani hukasirika nikimrudishia ncha aisugue tena, lakini uzi mrefu kuliko wenzake ndio utakaobeba mzigo wote peke yake na kutoboa kikofia kwanza.

Urefu upime usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho, kava ikiwa na pindo pana, lisilo la ghafla wala la kuning'inia. Pindo la mwisho pale kwenye deraila ndilo lenye majaribu mengi: likiwa fupi linavunjika, likiwa refu linajisokota.

Usijaze grisi nzito ndani. Najua ni desturi, na mafuta meusi ya injini ni desturi kubwa zaidi, lakini katika mji wenye vumbi kama huu grisi ni gundi. Futa waya kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukaushe, upake mafuta mepesi ya cherehani kwa vidole, basi. Waya uliochanika hata uzi mmoja usiurudishe. Uzi huo utakwangua mrija wa ndani, na utajikusanya kwenye gia ya mkononi ambako kuutoa ni kazi ya nusu siku.

Mambo yakikuharibikia mbali, tuseme katikati ya Isiolo na Archers Post, usikate tamaa. Kama ni ncha tu iliyochakaa na kava ina urefu wa ziada, punguza sentimita moja ya sehemu mbovu, uivike kikofia upya. Kama waya umekatika, deraila itashuka kwenye sproketi ndogo na baiskeli itakuwa nzito kuiendesha. Tafuta ile skrubu ya mpaka wa upande wa fremu, ikaze polepole huku ukizungusha pedali. Itaisukuma cheni ipande sproketi moja au mbili na kubaki hapo. Utafika nyumbani ukiwa na gia moja, kama mwenye Black Mamba.

Nimeacha jambo zito mpaka hapa. Kava ya gia isitumike kwenye breki. Naikuta mara kwa mara, hasa kwenye baiskeli za watoto, kwa sababu mtu alibakiwa na kipande akaona kinatosha. Breki hubanwa kwa nguvu nyingi kuliko gia, na unapoishiwa na barabara unaibana kwa nguvu zako zote. Nyuzi zile zilizolala kwa urefu zinashikiliwa na plastiki tu. Plastiki ikipasuka, zinatawanyika, kava inafumuka, na mkono wa breki unagonga usukani bila kitu kutokea. Kutoka Subuiga kuja Isiolo ni mteremko mrefu, wenye malori na magari ya miraa yanayokimbizana na muda. Si mahali pa kugundua kwamba huna breki.

Kava za breki zilizo na nyuzi za urefu zipo, lakini hizo zimeimarishwa kiwandani na huuzwa zikiwa zimetajwa kuwa za breki. Kama haikutajwa hivyo na ncha yake ina vitone, ni ya gia. Ukimaliza kusoma, nenda ukaiangalie baiskeli ya mtoto wako. Ukiikuta kava hiyo kwenye breki, mtoto asiipande mpaka ibadilishwe.